Likizo imeisha Kigali, hesabu imeanza Rusumo

KUTOKA Kigali hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,400. Njia hiyo nimeipita mara nyingi nikiwa na mabegi ya mzigo hadi miguuni. Mwanzoni mwa Januari niliipita kwa namna nyingine kabisa: nilikuwa natoka likizo.

Wiki mbili nilikaa na binti yangu wa miaka 10 kwa mdogo wangu aliyeolewa huko. Sikununua mzigo. Tulikula, tukatembea, tukalala mchana. Siku ya kurudi nilibaki na hela ya njiani na bahasha yenye ada ya shule. Kodi ya fremu ilikuwa bado mawazo tu.

Saa 11 alfajiri tulikuwa stendi ya Nyabugogo. Mdogo wangu alitufungia chapati na mayai ya kuchemsha. Mtoto aling'ang'ania kanga ya mama yake mdogo hadi kondakta alipogonga bati.

Kabla hatujafika Kayonza, dada aliyekaa nyuma yetu aliniinamia.

"Shikamoo mama. Samahani, naona huna mzigo."

Alikuwa na mabegi matatu ya vitenge. Aliomba mpakani niseme moja ni langu. Tukishavuka atanipa shilingi 20,000.

Mfanyabiashara yeyote anajua 20,000 ya Januari ina uzito gani. Sikumjibu hadi tulipopita Kibungo. Miaka ya mwanzo ya biashara nami niliwahi kuwagawia abiria mzigo wangu hivyo hivyo, kwenye mpaka mwingine. Abiria mmoja alipobanwa maswali alisema ukweli. Mzigo wote ulishikiliwa, na mtaji niliokopa kikoba ukaenda nao. Kulipa deni lile kulinichukua mwaka mzima.

"Mwanangu, begi silibebi," nilimwambia. "Ila tukifika nitakwenda nawe hadi dirisha la forodha."

Alinuna.

Rusumo ni mpaka wa kuvuka macho yakiwa wazi. Chini ya daraja Mto Kagera unanguruma kwenye maporomoko. Rwanda magari hupita kulia, Tanzania kushoto, kwa hiyo hapo basi hubadili upande. Saa nayo inasogezwa mbele: saa tatu ya Rwanda ilikuwa saa nne kwetu, na binti yangu akauliza saa yetu moja imekwenda wapi. Hapa Rusumo, mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka kuingia Tanzania ndani ya takribani siku moja, bila kujua watarudi lini nyumbani. Sisi tuliokuwa tukilalamikia foleni tulikuwa tunarudi kwetu.

Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa mwaka 2016. Anayeingia Tanzania husimama mara moja tu, upande wa Tanzania, na maofisa wa nchi zote mbili wapo hapo hapo. Pasipoti zetu hazikuchukua muda. Vitenge ndivyo vilivyotuweka.

Dada yule alikuwa amesikia kwamba mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani unapita bila ushuru kwa cheti rahisi cha uasili. Ni kweli, ila si kweli yote. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Mahindi, maharage au asali ya mkulima wa Rwanda inaweza kufaidika nacho, ingawa vyakula vina vibali vyake vya afya. Kitenge kilichotoka kiwandani nje ya Jumuiya hakigeuki kuwa cha Rwanda kwa sababu kimenunuliwa Kigali. Maandishi ya pembeni mwa kitambaa yalisema kilikotoka.

Alikadiriwa, akabadili faranga zake zote, bado akapungukiwa shilingi 35,000. Nyuma yetu dereva alikuwa anapiga honi. Abiria walianza kusema aachwe.

Nilifungua bahasha ya ada. Binti yangu aliniangalia tu, wala hakusema kitu.

Tuliondoka Rusumo saa sita mchana, yule dada akiwa na risiti mkononi. Mbele ya safari wakaguzi walipanda basini. Walisoma risiti yake, wakahesabu mabegi, wakapita. Mzee mmoja aliyekuwa na maboksi mawili bila karatasi yoyote aliteremka nayo, na basi likaondoka bila yeye. Kwa muda mrefu hakuna aliyezungumza.

Kahama, jua likizama, dada yule alishuka na mabegi yake matatu. Aliandika namba yangu ya simu, akaniahidi. Lakini ahadi ya stendi tunaijua wote.

Usiku ule ulikuwa mrefu. Nzega, Igunga, kisha Singida, ambako wauza mafuta ya alizeti walikuwa wamekwishalala. Mtoto alilala mapajani mwangu. Mimi nilihesabu: likizo imekula kiasi gani, ada imepungua kiasi gani, nitakopa kwa nani. Dodoma tulinunua chai. Morogoro kulikuwa kumekucha. Saa tano asubuhi tukashuka Mbezi, miguu imevimba, tukiwa na kilo mbili za kahawa ya zawadi na nguo za kufua.

Jumatatu mtoto alikwenda shule na ada pungufu, nami nilimwomba mwalimu siku chache. Nilifungua fremu, nikafuta vumbi, nikauza nguo mbili hadi jioni.

Alhamisi simu yangu ililia. Shilingi 35,000 zilikuwa zimeingia. Dakika chache baadaye ukafuata ujumbe wa maneno mawili: "Mama, vimeisha."