Ombwe na Usafi wa Titani

Mhunzi anayeyeyusha chuma katika tanuri la wazi haiogopi sana hewa, kwani taka nyingi huelea juu zikiwa mavi ya chuma, naye huzikwangua. Titani haivumilii hayo. Metali hii nyepesi na yenye nguvu huyeyuka kwenye nyuzi za Sentigredi zipatazo 1,670, na katika joto hilo hufyonza oksijeni na naitrojeni za hewani, ikawa ngumu lakini yenye kuvunjika upesi. Kwa hiyo aloi zake huyeyushwa katika ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa.

Nguzo ya titani huning'inizwa ndani ya tanuri lililofungwa, na pampu huvuta hewa. Kisha cheche kali ya umeme huwashwa kati ya ncha ya nguzo na kitako cha chungu cha shaba nyekundu. Nguzo huyeyuka tone kwa tone, na matone huganda chunguni yakawa mche. Chungu cha udongo hakifai, kwa kuwa titani iliyoyeyuka hukila. Shaba husalimika kwa sababu hupozwa kwa maji yasiyokatika.

Hata hivyo, ombwe lina mpaka wake. Haidrojeni iliyomo katika metali hutoka na kuvutwa na pampu. Lakini naitrojeni iliyoingia mapema, titani ilipokuwa ikitengenezwa, haitoki. Huunda punje ngumu inayoyeyuka kwa shida, ambayo yaweza kupita tanurini ikiwa nzima.

Tarehe 19 Julai 1989, ndege ya DC-10 ilikuwa ikitoka Denver kwenda Chicago, Marekani. Gurudumu la titani linaloshikilia mapanga ya feni ya injini ya mkiani lilipasuka, na vipande vikakata mabomba ya haidroliki yanayomwezesha rubani kuiongoza ndege. Ilianguka katika uwanja wa Sioux City. Kati ya watu 296, walikufa 112. Uchunguzi ulionyesha kuwa ufa ulianzia kwenye punje ya namna hiyo, katika titani iliyoyeyushwa mwaka 1971, mara mbili tu.

Baadaye titani ya magurudumu hayo iliyeyushwa mara tatu, au ikapitishwa kwanza katika hori la shaba, ambamo punje hupata muda wa kuyeyuka au kuzama. Ombwe huzuia uchafu mpya. Uchafu wa awali hudai malighafi safi na ukaguzi makini.