Maumivu ni mlinzi: somo la mwili kuhusu dhamiri

Hakuna anayependa maumivu. Mwiba ukituchoma mguuni, tunasimama na kuuchomoa. Je, ingekuwaje kama tusingesikia chochote?

Wagonjwa wa ukoma wanalijua jibu. Bakteria wa ukoma hushambulia mishipa ya fahamu, na ngozi hufa ganzi. Mtu hushika sufuria ya moto bila kujua, au hutembea kutwa na msumari ndani ya kiatu. Daktari Paul Brand, mpasuaji aliyeanza kazi Vellore, kusini mwa India, mwaka 1946, aligundua kwamba vidole vya wagonjwa havikuoza vyenyewe, kama watu walivyoamini. Viliharibiwa na majeraha ambayo mwenyewe hakuyasikia, hivyo hakuyatunza. Brand, aliyekuwa Mkristo, aliyaona maumivu kuwa zawadi.

Roho nayo ina mlinzi wake: dhamiri. Mara ya kwanza tunapompunja mteja kwenye mizani, moyo unatuchoma. Tukiupuuza, mara ya pili unachoma kidogo. Mara ya kumi tumeshazoea. Paulo alimwandikia Timotheo kuhusu watu ambao dhamiri zao ni kama zimeunguzwa kwa chuma cha moto (1 Timotheo 4:2). Hatari yao si dhambi peke yake, bali kutoumia tena wanapoitenda.

Kanisa pia laweza kufa ganzi. Kule Korintho, kwenye chakula cha Bwana, wengine walishiba huku maskini wakibaki na njaa (1 Wakorintho 11). Ndipo Paulo akawakumbusha kwamba wao ni mwili mmoja, na maumivu ya kiungo kimoja ni ya wote (sura ya 12). Kwetu je? Mjane hajaonekana ibadani mwezi mzima, na hakuna aliyeuliza. Hiyo ni ganzi.

Ukoma unatibika. Dawa hutolewa bure na hunywewa kwa miezi 6 hadi 12. Ukiona baka kwenye ngozi lisilosikia mguso, wahi kituo cha afya, kwa sababu ganzi iliyokaa muda mrefu mara nyingi haiondoki.

Dhamiri nayo tuiwahi. Tutubu, tumrudishie mwenzetu tulichompunja, twende tukabishe hodi kwa yule mjane. Moyo ukituchoma leo, tumshukuru Mungu: bado tunasikia.