Shabiki Anaposema Bendi Haifai

Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni neno moja: SHABIKI. Lisomeni pamoja.

Shabiki si msikilizaji tu. Msikilizaji husikia wimbo, akaupenda au asiupende, akaenda zake. Shabiki ana upande. Ukiugusa upande wake atakujibu, na pengine hatachagua maneno.

Mfano mzuri uko Dar es Salaam, katika bendi mbili za dansi ambazo mashabiki wake wamebishana kwa miaka mingi. Ya kwanza ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikaitwa NUTA Jazz. Baadaye ikawa JUWATA, kisha OTTU, na watu wakazoea kuiita Msondo Ngoma. Ya pili ni Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978. Mtindo wake ni Sikinde. Msondo na Sikinde ni majina yaliyotoka katika ngoma za Wazaramo. Kwa hiyo hata ugomvi wenyewe ni wa watu wa nyumba moja.

Sasa tuseme watu wawili wamekwenda dansini usiku mmoja. Mmoja anasema bendi imepiga vizuri sana. Mwenzake anasema hapana kitu, ni makelele matupu. Je, mmoja wao ni mwongo? Si lazima. Wimbo wa dansi aghalabu una sehemu mbili. Kwanza waimbaji hueleza kisa, taratibu, na kila neno husikika. Kisha mwendo hubadilika: magitaa hushika kasi, tarumbeta hujibu, na wachezaji hujaa uwanjani. Sehemu hii huitwa chemko. Aliyekuja kusikiliza kisa huupima wimbo kwa sehemu ya kwanza. Aliyekuja kucheza hungojea chemko, na kisa kikirefushwa huanza kunung'unika. Kila mmoja amesema kweli juu ya nusu ya wimbo.

Lipo neno jingine ambalo mashabiki hulipenda mno, kwamba bendi ni mwimbaji fulani, naye akiondoka bendi imekufa. Neno hili linaweza kupimwa. Muhiddin Maalim Gurumo alikuwa mwimbaji mkubwa wa NUTA Jazz. Mwaka 1978 aliondoka, akaenda Mlimani Park. Bendi aliyoiacha haikufa. Mwaka 1985 akaondoka tena pamoja na wenzake kadhaa, wakaingia Orchestra Safari Sound, ambayo mtindo wao uliitwa Ndekule. Mlimani Park nayo haikufa. Mwishowe Gurumo alirudi Msondo. Alifariki mwaka 2014, na Msondo wakaendelea kupiga.

Sababu ni kwamba sauti ya bendi haitoki katika koo moja. Yuko mtu anayepanga gitaa lipi lianze, tarumbeta ziingie wapi, na waimbaji wanyamaze lini. Katika Mlimani Park mtu maarufu kwa kazi hiyo alikuwa Michael Enoch. Shabiki ni nadra kumtaja mpangaji, kwa kuwa macho yake yako kwa mwenye kipaza sauti.

Hata hivyo msidhani maneno ya shabiki ni upepo. Yeye ndiye anayelipa kiingilio. Mwenye bendi husikia ni nani anayeshangiliwa, akamfuata kwa ahadi ya mshahara mzuri zaidi. Tena neno kali likienea mjini, watu hupungua mlangoni, na mpiga tumba ambaye hakukosea lolote hupata pungufu siku ya malipo. Basi iko tofauti kati ya kusema, "Leo sauti yake imechoka," na kusema, "Yule hajui kuimba." La kwanza mwanamuziki anaweza kulifanyia kazi kesho. La pili atafanya nalo nini?

Kazi ya nyumbani. Sikilizeni wimbo mmoja wa dansi, na ikiwezekana uwe wa bendi msiyoipenda. Andikeni sentensi tatu: moja juu ya kisa, moja juu ya magitaa, moja juu ya chemko. Msitumie neno "nzuri" wala neno "mbaya". Mwalimu atazisoma mbele ya darasa bila kutaja jina la mwandishi. Kwaherini.