Kabla ya Kuomba Gitaa Jipya: Jinsi ya Kuboresha Vyombo vya Kwaya kwa Fedha Kidogo

Katika parokia nyingi za Afrika Mashariki vyombo vya kwaya vilianza na seti ya bei nafuu: gitaa moja la umeme, amplifaya ndogo, waya na mkanda, vyote ndani ya boksi moja. Seti hiyo hununuliwa kwa harambee, kwa mfuko wa kwaya yenyewe au kwa msaada wa wahisani. Baada ya miaka miwili au mitatu vijana waliojifunzia hapo wanakuwa wameiva, na chombo kinaanza kuwarudisha nyuma. Kanisa likijaa gitaa halisikiki. Nyuzi hazikai sawa na kinanda. Waya ukiguswa kunatokea mkwaruzo. Hapo ndipo barua inapofika mezani kwa kamati: "Tunaomba gitaa jipya."

Ombi hilo ni la haki, ila mara nyingi linaanzia mwisho. Kamati ikinunua gitaa la bei kubwa na kulichomeka kwenye amplifaya ileile ndogo, baada ya mwezi mmoja itasikia malalamiko yaleyale, na fedha za waumini zitakuwa zimekwisha. Makala haya yanaeleza utaratibu wa kufuata: matengenezo kwanza, njia ya sauti pili, amplifaya tatu, na gitaa lenyewe mwisho.

Sauti ya gitaa inatoka wapi?

Gitaa la umeme peke yake lina sauti ndogo sana. Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku hizo, umeme mdogo unazalishwa ndani ya waya huo. Umeme unasafiri hadi kwenye amplifaya, unakuzwa, kisha spika inaugeuza kuwa sauti.

Huu ni mnyororo wenye viungo vitano: nyuzi, sumaku, waya wa kuunganishia, amplifaya na spika. Kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinachoamua mtakachosikia. Katika seti ya kuanzia, kiungo hicho kwa kawaida ni amplifaya na spika yake. Amplifaya hizo huwa za wati 10 hivi, zenye spika ya inchi 6 au 8, na zilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja kufanyia mazoezi chumbani. Gitaa lenyewe mara nyingi lina uwezo kuliko linavyodhaniwa, ila halijawahi kurekebishwa tangu litoke kiwandani.

Hatua ya kwanza: Fundi kabla ya duka

Jambo la kwanza ni kubadilisha nyuzi. Nyuzi zilizopata kutu hupoteza mlio na haziwezi kutyuniwa vizuri, hasa maeneo ya pwani ambako hewa ina chumvi na unyevu. Nyuzi huuzwa kwa seti za sita, na hutajwa kwa unene wa uzi mwembamba kabisa. Seti za "9" ni laini kwa vidole. Seti za "10" ni nene kidogo na hutoa sauti iliyojaa zaidi. Kwaya ikibadilisha unene wa nyuzi ni lazima gitaa lirekebishwe upya, kwa sababu mvuto kwenye shingo unabadilika.

Jambo la pili ni kimo cha nyuzi. Zikiwa juu mno, vidole vinaumia na kila noti inayobonyezwa inapanda kidogo kuliko inavyotakiwa. Zikiwa chini mno, zinagonga vichuma vya shingoni na kutoa mlio wa kukwaruza. Kwa magitaa mengi ya aina ya Fender, mtengenezaji anapendekeza nafasi ya milimita 1.6 hivi kati ya uzi na kichuma cha 17. Ndani ya shingo kuna chuma cha kuinyoosha. Kinazungushwa robo mzunguko tu kwa wakati mmoja, na mtu anayekijua.

Jambo la tatu linawahusu zaidi wapigaji wetu. Upigaji wa solo katika kwaya nyingi umefuata nyayo za muziki wa dansi wa Kongo na Tanzania, ule wa akina Franco Luambo Makiadi na Mbaraka Mwinshehe. Mpigaji wa solo hukaa juu kwenye shingo, jirani na kichuma cha 12 na zaidi, na hapo ndipo gitaa lisilorekebishwa linapomwaibisha. Kipimo chake ni rahisi. Kichuma cha 12 kiko nusu ya urefu wa uzi, kwa hiyo uzi ukibonyezwa hapo utoe noti ileile ya uzi mtupu, oktava moja juu. Ikisikika imepanda, kipande kinachobeba uzi darajani kirudishwe nyuma ili uzi urefuke. Ikisikika imeshuka, kisogezwe mbele. Kazi hiyo inahitaji bisibisi na kifaa cha kutyunia; siku hizi hata programu ya bure kwenye simu inatosha.

Jambo la nne ni mikwaruzo. Mara nyingi husababishwa na vumbi ndani ya nobu za sauti, au risasi iliyoachia kwenye tundu la kuchomekea jeki. Fundi redio yeyote mwenye mkono mzuri anaweza kusafisha nobu na kuchomea upya waya ulioachia. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na gitaa jipya.

Baada ya hatua hii kamati isubiri mwezi mmoja. Huenda ombi likabadilika lenyewe.

Hatua ya pili: Sauti ipite njia gani?

Kanisa lenye mikisa na spika kubwa halihitaji gitaa lijaze ukumbi kwa amplifaya yake. Weka maikrofoni mbele ya spika ya ile amplifaya ndogo, karibu kabisa na kitambaa chake, na sauti ipitie mikisa. Maikrofoni ya kawaida ya kuimbia inaweza kufanya kazi hiyo. Sauti haitakuwa na kishindo cha spika kubwa, lakini itasikika hadi mlangoni bila kununua chochote.

Njia nyingine ni kuchomeka gitaa kwenye mikisa kupitia kisanduku kidogo kinachoandikwa herufi DI. Gitaa likichomekwa moja kwa moja, mikisa nyingi hulielemea, na ule mlio wa juu unaopendeza hufifia. Kisanduku hicho kinazuia tatizo hilo, na pia kinawezesha kutumia waya mrefu bila kuleta mvumo. Kwa mtindo wa sauti safi wa kwaya zetu, njia hii inafaa. Kwa sauti iliyokwaruzwa ya roki haifai peke yake, kwani sauti hiyo huhitaji spika ya gitaa ili kulainika.

Onyo: gitaa la besi lisichomekwe kwenye amplifaya ndogo ya gitaa la solo. Spika yake haikutengenezwa kubeba noti nzito kwa nguvu, na inaweza kupasuka.

Hatua ya tatu: Amplifaya

Ikiwa kanisa halina mikisa, au kwaya inasafiri kwenda kuimba viwanjani, basi fedha nyingi zaidi ziende hapa. Kosa la kawaida ni kulinganisha wati tu. Sikio la binadamu halihesabu hivyo. Ukiongeza wati mara mbili, kutoka 10 hadi 20, unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo msikilizaji ataitambua lakini haitamshangaza. Ili sauti isikike kana kwamba imekuwa mara mbili, unahitaji wati mara kumi hivi. Kwa hiyo kuhama kutoka wati 10 kwenda wati 15 ni kupoteza fedha.

Spika ina uzito mkubwa katika uamuzi huu. Spika moja inaweza kutoa desibeli 3 zaidi ya nyingine kwa umeme uleule, na faida hiyo ni sawa na kuongeza wati mara mbili. Spika ya inchi 12 hutoa pia noti za chini ambazo ile ya inchi 6 haiziwezi. Kwa kwaya inayopiga sauti safi pamoja na ngoma na kinanda, amplifaya ya wati 50 yenye spika ya inchi 12 ni lengo zuri.

Pia si lazima kutafuta amplifaya za valvu. Zina sifa yake, lakini ni nzito, ni ghali, na valvu zake huchakaa. Amplifaya za transista zinafaa sana kwa sauti safi: Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975, imejengewa jina na usafi huo. Kwa bajeti ndogo zipo za kisasa zinazoiga sauti mbalimbali kwa programu, kama mfululizo wa Boss Katana ulioanza mwaka 2016. Zilizokwisha kutumika hupatikana kwa bei nafuu zaidi.

Mkinunua iliyotumika, iwasheni kwa nusu saa kabla ya kulipa. Zungusheni kila nobu mkisikiliza mikwaruzo. Nuseni kama kuna harufu ya kuungua. Tazameni spika kama karatasi yake imechanika.

Hatua ya nne: Gitaa lenyewe

Sasa linabaki swali la gitaa. Likate kwa vipimo vitatu. Je, shingo imenyooka, au imejipinda kiasi kwamba fundi ameshindwa? Je, vichuma vimelika hadi vina mashimo? Je, funguo za kukazia nyuzi zinateleza? Funguo peke yake hubadilishwa kwa gharama ndogo. Shingo iliyojipinda na vichuma vilivyolika kwa pamoja ni dalili kwamba fedha ziende kwenye gitaa jingine.

Kubadilisha sumaku kwenye gitaa zima lenye shingo nzuri kunaweza kusaidia, ila vipuri hivyo haviongezi bei ya gitaa siku ya kuliuza. Kama gharama ya vipuri inakaribia nusu ya bei ya gitaa la daraja linalofuata, ni afadhali kuweka akiba. Kwa daraja hilo, magitaa kama Yamaha Pacifica 112 au yale ya Squier Classic Vibe yanajulikana kwa uimara. Lakini jina lililoandikwa kichwani si ushahidi, kwani zipo bidhaa za kuiga. Mpigaji wa kwaya aende dukani mwenyewe, apige kila uzi kwenye kila kichuma, na atazame shingo kwa ubavu kama seremala anavyotazama ubao.

Gitaa la zamani lisitupwe. Likisharekebishwa ni chombo cha kufundishia kijana anayefuata.

Neno kwa wahisani: Tazameni volti

Wahisani walioko Marekani wanapotuma vyombo, wanatuma pia tatizo wasilolijua. Umeme wa Marekani ni volti 120. Wa Tanzania ni volti 230, na wa Kenya na Uganda ni 240. Amplifaya ya volti 120 ikichomekwa ukutani huku inaweza kuungua papo hapo. Kabla ya kutuma, soma maandishi ya nyuma. Ikiandikwa "100–240", inahitaji kubadilishiwa plagi tu. Ikiwa na swichi ya volti, iwekwe kwenye 230 kabla ya kuwashwa. Ikiandikwa 120 peke yake, inahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi matumizi yaliyoandikwa. Transfoma hiyo iwe sehemu ya msaada, isiachiwe parokia. Mara nyingi ni busara zaidi kutuma fedha na kununua chombo hapahapa.

Usalama si jambo la hiari

Mpigaji gitaa anashika nyuzi za chuma ambazo zimeunganishwa na mwili wa amplifaya. Waya wa erthi ukiwa umekatwa na amplifaya ikapata hitilafu, kijana huyo akigusa maikrofoni kwa midomo anaweza kupigwa shoti na kufa. Pini ya tatu ya plagi isikatwe kamwe ili kuondoa mvumo. Kamati imlipe fundi umeme akague soketi za kanisa kabla ya kununua chombo chochote.

Mapendekezo ya bajeti

Kwa kila shilingi 100 zilizotengwa, tunapendekeza shilingi 10 ziende kwenye nyuzi na marekebisho, 15 kwenye nyaya imara na kisanduku cha DI, na 60 kwenye amplifaya. Zinazobaki 15 ziwekwe kwa matengenezo ya mwaka unaofuata. Gitaa jipya liingie katika bajeti ya mwaka wa pili, likiwa bado linahitajika.

Kabla ya kuidhinisha ombi lolote, kamati ijiulize:

1. Nyuzi zilibadilishwa lini, na fundi amelitazama gitaa?
2. Kama tuna mikisa, tumejaribu kupitisha sauti humo?
3. Nani atatunza chombo, na kitafungiwa wapi?
4. Soketi za kanisa zina erthi?
5. Chombo cha zamani kitamsaidia nani?

Kamati yenye majibu ya maswali haya itakuwa na andiko ambalo mfadhili anaweza kuliamini, na wanakwaya watajua kwamba kila shilingi iliyochangwa imefika kwenye sauti inayosikika.