Soma Majina, Usihesabu Ushindi: Hagler, Mugabi na Rekodi ya Bondia

Usiku wa Machi 10, 1986, kwenye uwanja wa wazi wa hoteli ya Caesars Palace mjini Las Vegas, John Mugabi wa Uganda alipanda ulingoni na rekodi ambayo mabondia wengi huiota tu: mapambano 25, ushindi 25, na wote kwa KO. Aliyemsubiri, Marvin Hagler, bingwa wa dunia wa uzito wa kati, alikuwa ameshinda mara 61, ameshindwa mara mbili na kutoka sare mara mbili. Msomaji wa namba peke yake angesema rekodi ya Mugabi ni safi na ya Hagler ina madoa. Msomaji wa ngumi za kulipwa alijua kwamba vile vipigo viwili na zile sare mbili ndivyo vilivyomfanya Hagler awe mtu wa kuogopwa.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu Afrika Mashariki bado tunawapeleka vijana wetu ughaibuni wakiwa na rekodi zinazopendeza kwenye karatasi, kisha tunashangaa wanaporudi wamepigwa. Kosa haliwi la kijana kila mara. Mara nyingi ni letu sisi tuliomhesabia ushindi bila kuuliza alimshinda nani. Maisha ya kazi ya Hagler, na usiku wake mmoja na Mugabi, yanafundisha namna bora ya kusoma.

Kwanza tuuelewe uzito wenyewe. Kikomo cha uzito wa kati ni pauni 160, yaani kilo 72.57. Huo ni uzito wa mwanamume wa kawaida mwenye mwili uliozoea kazi, ndiyo maana karibu kila nchi yenye ngumi ina watu wa kuujaza. Anayeingia humo anakutana na wepesi wa mabondia waliopanda kutoka uzito wa chini na nguvu za warefu waliojikamua hadi wakashuka. Konde zito peke yake halitoshi, kwa kuwa kila mpinzani wa maana naye analo, na juu yake ana miguu, pumzi na uvumilivu. Ndiyo sababu bondia wa uzito wa kati hukomaa polepole, na anayeharakishwa hugundulika.

Hagler alizaliwa Newark, New Jersey, mwaka 1954. Baada ya machafuko ya 1967 katika mji huo, mama yake aliihamishia familia Brockton, Massachusetts, mji aliotoka Rocky Marciano, bingwa wa uzito wa juu aliyestaafu bila kushindwa. Huko kijana akaingia kwenye gimu ya ndugu wawili, Goody na Pat Petronelli. Mwaka 1973 alitwaa ubingwa wa taifa wa ngumi za ridhaa, na mwaka huohuo akaanza kupigana kwa malipo. Ndugu hao walikaa kwenye kona yake tangu pambano la kwanza hadi la mwisho.

Miaka ya mwanzo alipigana zaidi karibu na nyumbani, na wengi waliowekwa mbele yake hawakuwa na uwezo wa kumshinda. Hilo lina mantiki yake. Bondia mchanga anahitaji kuizoea glovu ndogo, kelele za watu na raundi zinazoongezeka: nne, kisha sita, kisha nane, kisha kumi. Hatari inaanza pale hatua hiyo ya kujifunza inapogeuzwa kuwa safari yote, promota akawa anamletea watu dhaifu mwaka hadi mwaka kwa sababu kila KO inauza tiketi.

Petronelli hawakufanya hivyo. Mwaka 1974 Hagler alikutana na Sugar Ray Seales, aliyekuwa ameileta Marekani medali ya dhahabu kutoka Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Akamshinda kwa pointi mjini Boston, kisha akamfuata Seattle na wakatoka sare. Mwaka 1976 akaenda Philadelphia, mji uliokuwa umejaa mabondia wakali wa uzito wa kati waliozoea kupigana wao kwa wao. Januari akashindwa kwa pointi na Bobby Watts. Machi akashindwa kwa pointi na Willie Monroe.

Hapo ndipo maisha ya kazi ya bondia hupimwa. Promota mwoga angemficha kijana wake na kumtafutia ushindi rahisi watano wa kumfuta machozi. Hagler alirudi kwa mabondia wa mji uleule. Septemba 1976 alimsimamisha Eugene Hart. Mwaka 1977 alimsimamisha Monroe mara mbili. Mwaka 1978 alimshinda kwa pointi Bennie Briscoe, mkongwe mgumu aliyewahi kupigania ubingwa wa dunia, na katika pambano hilo alitumia akili na miguu badala ya kukubali vita vya kusimama. Watts alilipwa deni lake mwaka 1980, raundi ya pili. Ukiyasoma majina hayo kwa mfuatano, unaona mtu anayeulizwa swali moja baada ya jingine hadi akamaliza kuyajibu.

Hata hivyo ubora haukumpa mlango wa moja kwa moja. Ngumi za kulipwa hazina ligi yenye ratiba. Mashirikisho, wakati ule WBA na WBC, hupanga orodha ya wapinzani, na bingwa hutakiwa kukutana na aliye juu. Lakini kati ya orodha na ulingo kuna mapromota, televisheni na mikataba, na bondia hatari asiye na promota mkubwa anaweza kuzungushwa kwa miaka. Joe Frazier aliwahi kumwambia Hagler kwamba ana mikosi mitatu: ni mweusi, ni mashoto, na ni hodari. Ilibidi wanasiasa wakubwa wa Massachusetts, akiwemo Spika Tip O'Neill na Seneta Ted Kennedy, wapaze sauti ndipo njia ikafunguka.

Novemba 30, 1979, katika pambano lake la 50 la kulipwa, Hagler alipata nafasi yake ya kwanza ya ubingwa, dhidi ya Vito Antuofermo. Jaji mmoja alimpa yeye, mwingine akampa Antuofermo, wa tatu akaona sare, na kwa kanuni za ngumi sare humwachia bingwa mkanda wake. Hagler alikuwa amelegeza kasi raundi za mwisho akiamini kazi imekwisha. Somo hilo hakulisahau. Septemba 27, 1980, uwanjani Wembley, London, alimkatakata uso Alan Minter, Mwingereza aliyekuwa amemvua Antuofermo ubingwa, na refa akalisimamisha pambano raundi ya tatu. Watazamaji walirusha chupa ulingoni, na bingwa mpya akaondolewa kwa ulinzi wa polisi bila hata kuvishwa mkanda mbele ya umma.

Aliushika ubingwa huo kwa miaka sita na nusu. Kwa maandalizi alijifungia Provincetown, mji wa pwani usio na watu wengi wakati wa baridi, mahali alipopaita jela yake. Mwaka 1983 Roberto Durán alimpeleka raundi zote 15, na Hagler akashinda kwa tofauti ndogo sana ya pointi. Mwaka 1985 alimaliza kazi na Thomas Hearns katika muda wa dakika nane tu, damu ikimtiririka kutoka kwenye paji la uso. Mtu huyohuyo ameshinda pambano la subira na pambano la moto. Hakukuwa na usiku ambao ungemkuta mgeni.

Sasa tumgeukie Mugabi, na tumtendee haki. Alizaliwa Kampala mwaka 1960, katika nchi yenye mizizi ya ngumi: Ayub Kalule, Mganda mwenzake, alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mjini Havana mwaka 1974 na bingwa wa WBA wa super welter mwaka 1979. Mugabi mwenyewe aliipatia Uganda medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alipofungwa fainali na Mcuba Andrés Aldama. Alianza ngumi za kulipwa Ulaya chini ya Mickey Duff wa London, kisha Marekani ikamjua kwa jina la Mnyama. Hakuwa na rekodi ya kubuni. Miongoni mwa aliowaangusha walikuwamo Frank Fletcher na Curtis Parker, wanaume wa kweli wa uzito wa kati.

Lakini isome rekodi yake vizuri. Kati ya mapambano 25, hakuna hata moja lililofika kwa majaji. Alikuwa hajawahi kuulizwa afanye nini konde lake bora linapotua na mtu hajaanguka. Pia sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa super welter, uzito unaoishia kilo 69.85. Tofauti ya kilo tatu pungufu inaonekana ndogo mezani, ila katika raundi ya tisa ni tofauti ya mtu kukusukuma kwa bega usiku kucha.

Usiku ule wa Machi, raundi za mwanzo Mugabi alikuwa mkubwa kweli. Makonde yake yalimvimbisha Hagler jicho la kulia, na bingwa alilazimika kuishi nyuma ya ngumi yake ya mbele. Raundi ya sita Hagler alimshambulia kwa mfululizo wa kutisha, na Mugabi akabaki wima. Ujasiri wake hauna mjadala. Kilichokuwa kinakwisha ni akiba ya mwili.

Ieleweke hivi. Konde la nguvu zote hutumia nishati iliyo tayari kwenye misuli, na akiba hiyo ni ndogo. Bondia aliyezoea kumaliza mapema hufundisha mwili wake kuitumia haraka. Aliyezoea raundi ndefu hujifunza kupumua wakati wa kugusana, kurusha makonde ya robo nguvu ili kumshughulisha mwenzake, kupumzika huku anaonekana anafanya kazi, na kumpiga mtu tumboni mapema ili matunda yaonekane raundi kadhaa baadaye. Mazoezi ya gimu husaidia, lakini hayafanani na raundi ya nane mbele ya mtu anayetaka kukuumiza. Elimu hiyo Hagler aliipata kwa kina Monroe na Briscoe. Mugabi aliipata usiku ule, kwa mara ya kwanza, kutoka kwa mwalimu mkali kuliko wote. Raundi ya 11 alikwenda chini, na refa Mills Lane akahesabu hadi kumi.

Baada ya hapo njia zao ziliachana. Desemba mwaka huohuo Mugabi alisimamishwa na Duane Thomas akiwania mkanda wa WBC wa super welter. Aliupata mkanda huo mwaka 1989 baada ya René Jacquot wa Ufaransa kuumia kifundo cha mguu, akaupoteza mwaka 1990 kwa Terry Norris katika raundi ya kwanza. Mwaka 1991 Gerald McClellan naye akammaliza raundi ya kwanza. Mugabi alikuja kustaafu mwaka 1999 huko Australia. McClellan mwenyewe, mwaka 1995 mjini London, aliumia ubongo katika pambano lake na Nigel Benn, akapoteza uwezo wa kuona na kubaki mtu wa kuuguzwa. Hiyo ndiyo gharama iliyopo nyuma ya kila namba tunayoishangilia.

Hagler alipoteza ubingwa Aprili 6, 1987, kwa Sugar Ray Leonard. Leonard alitaka raundi 12 badala ya 15, ulingo mpana na glovu za wakia 10. Hagler alikubali masharti, na malipo yake yakawa makubwa zaidi. Majaji wawili walimpa Leonard, mmoja kwa 118-110, kadi inayobishaniwa hadi leo. Hagler alitaka marudiano. Yalipochelewa, mwaka 1988 alitangaza kustaafu, akahamia Italia, akaigiza filamu, na hakurudi ulingoni tena hadi alipofariki Machi 13, 2021, akiwa na miaka 66. Leonard alirudi na kusimamishwa na Héctor Camacho mwaka 1997. Durán alipigana hadi 2001 akiwa na miaka 50. Rekodi ya Hagler ilibaki palepale: ushindi 62, vipigo vitatu, sare mbili. Kujua kusimama ni sehemu ya ustadi, na ndiyo sehemu ambayo wachache hufaulu.

Basi ukipewa rekodi ya bondia yeyote, anza na majina ya aliopigana nao. Angalia kama wao wenyewe walikuwa wakishinda walipokutana naye, au walikuwa wameshapoteza mapambano kadhaa mfululizo. Tazama mapambano yalifanyika wapi, kwani ushindi wa ugenini una uzito kuliko wa nyumbani. Tazama kama amewahi kufika raundi ya nane au ya kumi. Mwisho tazama vipigo vyake na alichofanya baada ya kila kimoja. Kwa kipimo hicho, ushindi wa Hassan Mwakinyo dhidi ya Sam Eggington mjini Birmingham mwezi Septemba 2018, alipomsimamisha raundi ya pili kwenye ardhi ya Mwingereza mwenyewe, unazidi rundo la KO za nyumbani dhidi ya watu wasiojulikana. Dunia iliusoma hivyo, na Mtanzania huyo akapanda kwenye viwango kwa usiku mmoja.

Wanaoweza kubadili mambo ni wengi kuliko mapromota. Shabiki anayelipa kiingilio anaweza kudai pambano la haki. Mwandishi wa michezo anaweza kuandika jina na historia ya mpinzani badala ya kushangilia KO ya dakika mbili. Kocha anaweza kukubali kijana wake ashindwe kwa pointi akiwa na miaka 22, akajifunza, kuliko kumtunzia sifuri ambayo itavunjwa ugenini na mtu atakayevunja na afya yake pia. Mugabi alikuwa na kipaji cha kumsumbua bingwa mkubwa wa zama zake. Alichokosa ni mapambano matano au sita magumu kabla ya usiku ule, na hayo ni mambo ambayo watu wazima walio nyuma ya bondia wana uwezo wa kuyapanga.