Kadi za wachezaji wasiovuma: bei iko kwenye hali na namba, si jina

AGOSTI 2022, kadi moja yenye picha ya mchezaji wa besiboli, Mickey Mantle, iliuzwa mnadani nchini Marekani kwa dola milioni 12.6. Kadi hiyo ni ya toleo la kampuni ya Topps la mwaka 1952. Lakini toleo hilo lina kadi 407, na nyingi ni za wachezaji ambao Wamarekani wengi wamekwisha wasahau.

Hizo ndizo huitwa kadi za kawaida, na ndizo mwenye mtaji mdogo anazoweza kuzigusa.

Mnunuzi wake mkuu si shabiki wa mchezaji fulani, bali ni mkusanyaji anayetaka kukamilisha seti. Kwake yeye, pengo la mchezaji asiyejulikana ni pengo sawa na la nyota. Mahitaji ya namna hii hayana kishindo, lakini hayakatiki.

Kwa upande wa ugavi, hadi mwaka 1973 Topps ilikuwa ikitoa kadi zake kwa awamu. Awamu ya mwisho ilifika madukani msimu ukikaribia kwisha, wakati hamu ya watoto imepungua, hivyo iliuzika kidogo. Katika toleo la 1952, kadi adimu ni zile za namba 311 hadi 407. Sy Berger, mfanyakazi wa Topps aliyeshiriki kuzibuni, alieleza kuwa mwaka 1960 mabaki ya kadi hizo yalipakiwa kwenye tishari na kutoswa katika Bahari ya Atlantiki. Ndiyo maana mchezaji asiye na jina mwenye namba ya juu huuzwa ghali kuliko mwenzake wa namba ya chini.

Jambo la pili ni hali ya kadi. Andy Pafko hakuwa nyota wa kiwango cha Mantle, lakini kadi yake ni namba 1 katika toleo hilo. Watoto walipanga kadi kwa namba na kuzifunga kwa mpira, na kadi ya juu ndiyo iliyoumia. Iliyobaki safi ikawa lulu: mwaka 1998 moja iliuzwa kwa zaidi ya dola 80,000.

Tangu mwaka 1991, kampuni ya PSA hupima kadi na kuzipa daraja la 1 hadi 10, kama kahawa inavyopangwa madaraja. Pembe zikiwa butu au kukiwa na mkunjo, bei huporomoka.

Hapa ndipo wageni wa soko hili hupata hasara. Chukua mfano wa kadi iliyonunuliwa dola 15. Ada ya kuipima ikiwa dola 20, gharama imefika dola 35 kabla ya posta na kamisheni ya mnada. Ikipata daraja la kati na kuuzwa dola 30, mwenye kadi amepoteza. Kwa kadi za kawaida, upimaji hulipa pale tu hali inapokuwa bora sana.

Pia bei ya kitabuni si fedha mkononi. Mwenye duka hununua kwa bei ya chini ili naye apate faida yake, na kadi za kawaida hukaa rafuni muda mrefu.

Onyo jingine ni umri. Kadi za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 zilichapwa kwa wingi kupita kiasi. Waliozihifadhi makasha kwa makasha wakitarajia utajiri, wengi bado wanayo.

Anayetaka kuingia achague toleo moja la zamani, aandike namba anazozihitaji na bei aliyolipa kwa kila moja, na anunue kadi nzima zisizo na mikunjo. Mali bila daftari hupotea bila habari.