Je, Wajua? Wanawali Wote Kumi Walisinzia

Je, wajua kwamba katika mfano wa wanawali kumi, Mathayo 25, hata wale wenye busara walipitiwa na usingizi? Wahubiri wengi huupita mstari huo mbio mbio. Bwana arusi alikawia, wote kumi wakasinzia, na kelele za usiku wa manane ziliwakurupusha wote kumi. Tofauti yao ilikuwa kwenye chupa ya mafuta ya akiba. Anayefundisha kwamba kumngoja Kristo ni kuunyima mwili usingizi hana budi kwanza azungumze na wale watano walioingia arusini.

Mafuta yenyewe yalikuwa ya zeituni. Wapo wataalamu wa Biblia wanaosema taa zile hazikuwa vijitaa vya udongo vya ndani ya nyumba bali mienge ya maandamano: mti uliofungwa matambara yaliyolowekwa mafuta. Mwenge wa namna hiyo hauchukui muda kuzimika, sharti uongezewe mara kwa mara. Kwa jicho hilo wale wapumbavu wanaonekana wapumbavu zaidi, kama mvuvi wa dagaa anayeingia ziwani usiku wa giza na karabai tupu.

Sura hiyohiyo ina talanta. Hiyo ilikuwa kipimo cha uzito wa fedha, na talanta moja ilikaribia dinari 6,000. Dinari moja ndiyo iliyokuwa ujira wa kibarua kwa siku. Piga hesabu: yule mtumwa tunayemhurumia kwa kupewa kidogo alikabidhiwa mshahara wa kibarua wa karibu miaka 20. Akaufukia ardhini.

Na mwisho wa sura, kwenye hukumu ya kondoo na mbuzi, pande zote mbili zinashangaa. Kondoo hawakujua kwamba walimhudumia mfalme, mbuzi nao hawakujua kwamba walimpita. Mambo yanayokaguliwa ni sita: njaa, kiu, ugeni, uchi, ugonjwa na kifungo. Tarehe haimo.

Je, wajua kwamba moja ya maandishi ya kale kabisa ya Agano Jipya liliandikwa kwa watu waliosumbuliwa na suala hili hili la kumngoja Kristo? Waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, wa mwaka 50 hivi, uliwajibu waumini wa mji wa bandari kule Makedonia waliohofu kwamba ndugu zao waliokwisha kufa wangeukosa ujio wa Bwana. Waraka wa pili unakemea jambo lingine: wapo walioacha kazi, wakawa wanajishughulisha na mambo ya wengine. Agizo likawa kwamba mvivu asitegemee sahani ya mwenzake. Paulo alikuwa na haki ya kusema, maana yeye mwenyewe alikula kwa jasho la kushona mahema.

Agizo hilo halikusikika kila mahali. Mnamo mwaka 204, Hippolytus wa Roma aliandika ufafanuzi wa kitabu cha Danieli, na humo akasimulia visa viwili vya siku zake. Huko Syria kiongozi mmoja wa kanisa aliwatoa waumini majumbani mwao, wanawake na watoto, akawapeleka jangwani kumlaki Kristo. Walitangatanga milimani hadi wakadhaniwa kuwa majambazi, na nusura wauawe na askari wa liwali. Kilichowaokoa ni kwamba mke wa liwali alikuwa Mkristo. Kisa cha pili kilitokea Ponto, kusini mwa Bahari Nyeusi. Kiongozi wa huko, mtu mcha Mungu na mnyenyekevu, aliota ndoto, akatangaza kwamba hukumu ingekuja ndani ya mwaka mmoja. Watu waliacha mashamba yakamea magugu, wengine wakauza kila kitu. Mwaka ulipokwisha, mabinti waliojitenga na ndoa waliolewa, wanaume wakarudi kushika jembe, na waliouza mali zao waliishia kuomba chakula. Tazama kwamba Hippolytus hakumwita yule mtu tapeli. Alimwona mwema aliyeamini ndoto zake kuliko Maandiko, na nadhani aina hiyo ndiyo ngumu zaidi kuikabili.

Hippolytus naye alikuwa na hesabu yake: dunia ingedumu miaka 6,000, na Kristo alizaliwa mwaka wa 5500, kwa hiyo mwisho ungefika mwaka 500 hivi. Hesabu hiyo ilikuwa na faida moja. Iliusogeza mwisho mbali kiasi kwamba watu wa wakati wake waliweza kupanda na kuvuna kwa amani.

Warusi nao waliutazamia mwisho mwaka wa 7000 tangu kuumbwa kwa ulimwengu, ambao kwa kalenda yetu ni 1492. Majedwali ya kanisa ya kukokotoa tarehe za Pasaka yaliishia hapo. Nani ahesabu Pasaka baada ya kiama? Mwaka ulipopita salama, Metropoliti Zosima wa Moscow alilazimika kuandaa majedwali mapya.

Sasa tufike kwenye tarehe mashuhuri kuliko zote, ile ya 22 Oktoba 1844.

William Miller alikuwa mkulima wa Low Hampton, jimbo la New York, na aliwahi kuwa kapteni katika vita vya Marekani na Uingereza vya 1812. Kabla ya kuokoka alimwamini Mungu wa mbali asiyeingilia mambo ya wanadamu. Baadaye aliisoma Biblia mstari kwa mstari, akaishika Danieli 8:14 yenye siku 2,300, akazichukulia kuwa miaka, akaanza kuhesabu kutoka mwaka 457 kabla ya Kristo. Akapata takriban 1843. Miller mwenyewe alisita kutaja siku. Aliyeitaja ni mfuasi wake Samuel Snow, ambaye mnamo Agosti 1844, kwenye kambi ya mahubiri huko Exeter, New Hampshire, alieleza kwamba mwisho ungeangukia Siku ya Upatanisho kwa kalenda ya Wayahudi Wakaraimu. Habari ikaenea kwa magazeti na mahema, na maelfu kwa maelfu wakangoja.

Je, wajua kwamba ile hadithi ya kwamba walipanda juu ya mapaa wakiwa wamevaa kanzu nyeupe haina ushahidi? Francis Nichol aliichunguza miaka 100 baadaye akaona ni kejeli za magazeti na majirani. Walichofanya wengi wao ni kulipa madeni, kuombana radhi na kukutana majumbani kusali. Wapo pia walioacha mazao shambani. Waadventista husimulia habari za Leonard Hastings, mkulima wa New Ipswich, aliyekataa kuchimba viazi vyake kwa sababu asingekuwepo kuvila. Mwaka ule ugonjwa wa kuoza ulishambulia viazi vilivyochimbwa mapema, na vya Hastings vilivyobaki udongoni vikapona. Simulizi hilo hupendwa mno mimbarani. Mimi hujiuliza kuhusu wakulima wengine walioacha mazao na ambao hakuna aliyewahi kuwasimulia.

Asubuhi ya tarehe 23 walilia. Baadhi walirudi makanisani mwao, wengine wakaiacha imani, na kikundi kidogo kikarudi kwenye Danieli kuuliza kosa lilikuwa wapi. Kutoka kikundi hicho lilizaliwa Kanisa la Waadventista Wasabato, lililoundwa rasmi Mei 1863 huko Battle Creek, Michigan. Kanisa hilo limeweka tumaini la marejeo ndani ya jina lake, lakini halipangi tarehe.

Miaka 40 baada ya kuundwa, lilikuwa limeshafika kwetu. Mwaka 1903 wamisionari wawili kutoka Ujerumani, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifungua kituo Giti, milima ya Upare. Mwaka 1906 Mkanada Arthur Carscallen pamoja na Peter Nyambo, mzaliwa wa Malawi, walifika Gendia karibu na Kendu Bay, kando ya ziwa. Watu waliotarajia Kristo aje upesi walijenga shule, zahanati na mtambo wa kuchapia vitabu. Anayeona kwamba mambo hayo yanapingana hajakutana na Msabato wa Upareni akipalilia kahawa Alhamisi ili Ijumaa jioni imkute ametulia.

Je, wajua mkesha wetu wa Desemba 31 una mizizi Ujerumani? Wamoraviani wa Herrnhut, wakimbizi waliopewa hifadhi kwenye ardhi ya bwana Zinzendorf huko Saxony, walikuwa na ibada za kuuaga mwaka tangu karne ya 18. John Wesley akaichukua desturi ya kukesha, Wamethodisti wakaisambaza. Usiku wa Desemba 31, 1862, Wamarekani Weusi walikesha wakingoja tangazo la Rais Lincoln la kuwaacha huru watumwa, na hadi leo makanisa mengi ya Weusi huko hukesha usiku huo kwa kumbukumbu hiyo.

Wamoraviani hao hao, alfajiri ya Pasaka ya 1732, walikwenda makaburini kuimba jua likichomoza. Makaburi yao huwekewa mawe bapa yanayofanana, la tajiri na la kijakazi, kwani wote watasubiri parapanda moja. Kanisa lao lilifika Rungwe mwaka 1891.

Kitu kilichowahi kuitikisa Afrika Mashariki kwa habari ya kuwa tayari, kwa maoni yangu, hakikuwa mahubiri ya alama za nyakati. Kilikuwa Uamsho. Mwaka 1929 Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Gahini, Rwanda, walikutana kilimani Namirembe wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto ukaenea Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, na wimbo wa Kiganda Tukutendereza ukaimbwa na watu wasiojua Kiganda. Walokole wale waliungama hadharani, na maungamo yalikuwa na gharama. Aliyeiba jembe alilirudisha. Aliyekwepa kodi alikwenda kwa mkuu wa wilaya na pesa mkononi, na maofisa wa kikoloni hawakujua waziandike kwenye daftari gani. Kwa mlokole, kuwa na deni la mtu na kusema uko tayari kumlaki Bwana ni maneno yasiyokaa pamoja. Kutoka uamsho huo alitoka Josiah Kibira wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, 1977 hadi 1984.

Eneo hilo hilo lina makaburi pia. Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, waumini wa kundi lililokuwa limetangaza mwisho wa dunia mwishoni mwa 1999 waliteketea kwa moto ndani ya jengo lao la ibada tarehe 17 Machi 2000. Walikuwa wameuza mali zao na kukabidhi fedha kwa viongozi. Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilianza kufukuliwa miili ambayo ilizidi 400, mingi ya watu waliofunga hadi kufa wakiamini watakutana na Yesu. Mhubiri anayetuhumiwa aliyakana mashtaka mahakamani. Miongoni mwa waliofukuliwa walikuwamo watoto, na mtoto hachagui kufunga.

Je, wajua kwamba jirani yako Mwislamu naye anamngoja Yesu? Kwa mapokeo ya Kiislamu, Nabii Isa atashuka kwenye mnara mweupe upande wa mashariki wa Dameski, na Msikiti wa Umayya mjini humo una mnara unaoitwa kwa jina lake. Wakristo, kwa kusoma Matendo 1 pamoja na Zekaria 14, huutazama Mlima wa Mizeituni, ng'ambo tu ya Lango la Dhahabu la Yerusalemu, ambalo limezibwa kwa mawe tangu enzi za Sultani Suleiman, karne ya 16.

Je, wajua Majilio hayaanzi na hori la Bethlehemu? Kwa Wakatoliki, masomo ya mwanzo wa majira hayo hadi Desemba 16 huelekeza macho kwenye ujio wa pili. Kuanzia tarehe 17 ndipo Krismasi inapokuja mbele. Wengi wetu wakati huo tunatafuta tiketi za basi.

Tarehe 19 Mei 1780 giza liliifunika New England mchana kweupe, kuku wakaingia bandani, watu wakasema siku ya hukumu imefika. Makovu ya moto kwenye miti ya Ontario, Kanada, yanaonyesha ulikuwa moshi wa misitu. Katika Baraza la Connecticut wajumbe walitaka kuahirisha kikao. Abraham Davenport akapinga: kama si hukumu, hakuna sababu ya kuahirisha, kama ni yenyewe, yeye alitaka akutwe kazini. Akaomba mishumaa iletwe.

Ule msemo wa Martin Luther kwamba angejua dunia inaisha kesho bado angepanda mti wa tofaa leo? Hajulikani kuusema. Maandishi ya kwanza kuutaja ni ya Ujerumani, Oktoba 1944, karibu miaka 400 baada ya kifo chake.

Isaac Newton aliandika kwamba mwisho hautatokea kabla ya 2060. Alieleza kuwa lengo lake lilikuwa kuwanyamazisha wapiga ramli wa tarehe, ambao kila wanaposhindwa huyaaibisha Maandiko.

Rafiki wa Luther, mchungaji Michael Stifel wa Lochau, angefaa kuusikia ushauri huo. Alizigeuza herufi za Biblia kuwa namba, akapata kwamba Kristo angerudi Oktoba 1533, saa mbili asubuhi. Wanakijiji waliacha kazi, wakala akiba zao, wakajaa kanisani. Saa mbili ikapita. Stifel alikamatwa akapoteza usharika, na Luther ndiye aliyemwombea apate mwingine. Huko aliziacha herufi za Biblia akashika hesabu za kawaida, na mwaka 1544 akachapisha Arithmetica integra, mojawapo ya vitabu vikubwa vya aljebra vya karne hiyo. Jina ambalo Wazungu hutumia kwa vipeo mpaka leo lilitoka kwake, na safari hii hesabu zake zilikuwa sahihi.